Mate kuonyesha ugonjwa wa fizi: jibu kwa dada wa Kondele
Dada, umeuliza kama kupimwa mate kunatosha kujua kwa nini fizi zinakutoka damu. Kunasaidia, lakini hakutoshi. Bakteria kama Porphyromonas gingivalis hujificha chini ya ufizi, kisha humwagikia kwenye mate, na mara nyingi huzidi ugonjwa unapokolea. Ila hata mwenye fizi nzima anaweza kuwa na bakteria hao. Daktari wa meno hapa Kisumu atapitisha kichuma chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi kupima kina cha nafasi hiyo: 1 hadi 3 ni sawa, 4 kwenda juu, tena damu ikichuruzika, pana shida. Gego langu lilisoma 6, na wala halikuwa likiuma! Usingoje maumivu, tafadhali. Wala usiache mswaki kwa kuogopa damu. Ukoga ukibaki pale, fizi huzidi kuvimba.