Koneti kuukuu imeganda: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 68, naishi Vihiga. Ujanani nilipiga koneti, yaani tarumbeta fupi, katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Majuzi nimeachiwa koneti ya marehemu kaka yangu iliyokaa sandukuni miaka mingi. Ni ya rangi ya fedha iliyoingia weusi, na ina maandishi ya "St Albans". Vali mbili (zile za kubonyeza kwa vidole) hazishuki, kipulizio cha mdomoni hakitoki, na bomba la kupangia sauti limeganda. Jirani mwenye gereji anasema tuibane kwa jiriwa, tuvute kwa plaisi, kisha niisugue kwa majivu na limau. Je, itapigika? Nami nina meno ya bandia mbele; nitaweza kweli?

JIBU: Mwalimu, mwambie jirani aweke plaisi chini kwanza. Koneti hiyo ilitoka katika kiwanda cha Jeshi la Wokovu lenyewe, mjini St Albans, Uingereza, ambacho kiliuzwa mwaka 1972. Kwa hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne, na bado inaweza kuimba vizuri. Ukisokota kipulizio kwa plaisi, bomba linalokipokea linapinda na lehemu inaachia. Hapo kazi ya siku moja inageuka kuwa kazi ya fundi wa kulehemu.

Kwenye maungio ya kipulizio na ya bomba lile, dondosha mafuta mepesi ya kulegeza nati zenye kutu, uache yalale usiku kucha. Asubuhi gongagonga kuzunguka maungio kwa mpini wa mbao, taratibu, huku ukijaribu kuvuta kwa mkono. Bomba lipitishie kitambaa imara kwenye kona yake, uvute sawasawa miguu yote miwili ya umbo lake la U. Kipulizio kikikataa, kuna kifaa cha skrubu cha kuking'olea. Bendi kubwa za polisi, jeshi au kanisa huenda zikawa nacho. Nenda ukaombe, usitafute njia nyingine.

Vali zilizokwama kwa kawaida zimegandishwa na mafuta yaliyokauka. Fungua vifuniko vya juu na vya chini, dondosha mafuta yale yale, subiri, kisha sukuma kwa kidole tu. Ikishuka na kukwama pale pale kila mara, huenda ganda lake limebonyea, na hilo ni la fundi. Vali zikitoka, usizichanganye: zina namba 1, 2 na 3, na ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mdomo wako. Nafasi kati ya vali na ganda lake ni ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo msasa usiikaribie hata kidogo. Osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kupuliza, maana ndani mna ukungu. Baadaye tumia oili ya vali. Mafuta ya kupikia yanaganda, na oili ya cherehani ni nzito. Mabomba yapake vaselini kidogo.

Weusi uache. Ni fedha iliyochakaa kwa hewa, haidhuru sauti. Majivu yanakwangua fedha, nayo ni tabaka jembamba lisilorudi. Kitakachonitia wasiwasi zaidi ni ukiona madoa ya waridi kwenye bomba linalopokea kipulizio, pale fedha ilipotoka: hapo zinki iliyochanganywa na shaba ya bomba imeliwa na mate, na shaba inaoza kutoka ndani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: bendi za ala za shaba za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu, noti ya A ikiwa karibu hezi 452 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440, hadi miaka ya 1960. Koneti yako inaweza kuwa ya namna hiyo. Ukiipima kwa programu ya simu na kuikuta juu kwa karibu robo toni, si kosa lako. Bomba lote la koneti likinyooshwa lina urefu wa takriban mita 1.4, hivyo ili sauti ishuke linahitaji karibu sentimita 4 zaidi: vuta bomba kuu, lile la kupangia sauti, sentimita 2, kwa kuwa lina miguu miwili. Bomba la vali ya kwanza livute milimita 2 au 3, la pili milimita 1, la tatu karibu 4. Bomba kuu lisipofika, fundi anaweza kulirefusha.

Kuhusu meno: wapo wapigaji wengi wenye meno ya bandia. Yanapaswa kukaa imara, kwa hiyo mpelekee daktari wa meno kipulizio chako aone kinapokandamiza. Ukiwa na presha ya macho, au umefanyiwa upasuaji wa jicho au ngiri, muulize daktari kabla ya kupuliza, kwa sababu noti za juu zinapandisha shinikizo ndani ya jicho. Anza kwa noti ndefu za katikati, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ukipumzika muda uleule uliopiga. Midomo ikianza kutetemeka, weka chini. Usikandamize koneti mdomoni ili kupata noti ya juu. Iache hiyo noti hadi misuli irudi, na kwa umri wetu hilo huchukua miezi.