Jibu: Nianze na LibreCAD au FreeCAD?

Mdogo wangu, umeuliza uanze na programu ipi ya kuchorea mageti kwenye kompyuta, LibreCAD au FreeCAD, na laptop yako ina RAM ya GB 4. Anza na LibreCAD. Ni ya bure, nyepesi, na mchoro wa geti unataka upana na urefu tu. FreeCAD huchora umbo zima, tamu kweli (toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024), ila kwa mashine hiyo itakutoa jasho.

Kabla hujachora chochote, ingia kwenye mipangilio ya mchoro uweke milimita. Mimi nilichora geti la mita 3 kwa kuandika 3000 vipimo vikiwa inchi, likawa kubwa kupita kiasi. Kuprinti hapa Nyakato, karatasi ikatoka na kona ya bawaba peke yake. Fundi akaniuliza, "Geti lenyewe liko wapi?"

Usikisie kwa mausi. Chagua zana ya kuchora mstari, bofya pa kuanzia, andika @3000,0 kisha Enter: umeenda mita 3 kulia. Andika @0,2100, umepanda mita 2.1. Faili hifadhi kama DXF, programu nyingi za kuchora zinaifungua.

Kuhusu mwongozo wa Kiswahili uliouulizia, andika wako unavyojifunza: amri moja, picha moja ya skrini, na kosa ulilofanya. Wape vijana wa karakana wausome. Mimi niliandika "tabaka" (layer za mchoro), wakanikodolea macho. Nilipoandika "vioo vimelazwa kimoja juu ya kingine, bawaba kioo chake, fremu kioo chake", wakaendelea na kazi. Ukikwama, weka picha hapa.