Kifungu hicho cha sheria gani?

Semina ilikuwa Chake Chake, na chai yake ilikuwa chai kweli: sambusa, katlesi, mpaka kababu. Mtoa mada alikuja na boti kutoka Unguja, lakini waraka wake ulitoka mbali zaidi. Mapendekezo ya kurekebisha sheria ya habari yalikuwa yameshaandikwa. Sisi wa redio za jamii tuliitwa "kuyajadili". Mimi nikapewa kuyasoma mbele ya wadau.

Nilipofika la nne, mzee mmoja mwanasheria akanyanyua kidole. "Mwanangu, kifungu hicho cha sheria gani?"

Nikajibu bila wasiwasi: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

"Ile ya Bara? Hapa inatuhusu nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee alikuwa sahihi. Habari si jambo la Muungano; Zanzibar ina sheria yake ya magazeti, Namba 5 ya 1988, na ya utangazaji, Namba 7 ya 1997. Posta na simu ndiyo ya Muungano, ndiyo maana kwenye masafa na intaneti unakutana na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hata huku kwetu. Waraka wetu ulinakiliwa tu, na mimi nikaubeba kama kasuku.

Basi ukipewa waraka kama ule, uliza nani kauandika, kwa sheria za nchi gani, na nani kalipia ukumbi. Sisemi umshuku kila mgeni. Makampuni nayo yana watu wao wa kuwasemea, na wao hawagawi sambusa hadharani. Chukua wa tumbaku: mkataba wa dunia wa kuidhibiti unagusa hata matangazo yanayovuka mipaka, na unazitaka serikali zikinge sera zao na maslahi ya wenye viwanda vya tumbaku. Tahadhari hiyo haikuandikwa bure.

Lakini msaada wa nje ukiutumia vizuri, una nguvu. Chama cha waandishi wa Burundi kilipeleka sheria ya nchi yao ya 2013 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Mei 2015 mahakama ikaona baadhi ya vifungu vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2017 Baraza la Habari Tanzania na mashirika mawili ya haki za binadamu wakapita njia ile ile dhidi ya sheria ya 2016, na Machi 2019 wakapata hukumu yao. Sheria ikarekebishwa 2023. Ila muda wa kufungua shauri pale ni miezi miwili tu, kwa hiyo ukingoja semina ijayo umeshachelewa.

Na nenda na mambo ya kwenu. Mimi siku hizi naanza na gazeti la Dira, lililofungiwa hapa Zanzibar Novemba 2003, ndipo nije kwenye viwango vya Afrika. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi akisikia Azimio la Windhoek, lile la uhuru wa habari Afrika, anapiga miayo. Akisikia Dira anakaa vizuri.

Mkutano uliofuata nilikwenda na sheria zetu zote mbili kwenye mfuko wa plastiki. Mzee akauliza tena kifungu, nikamfungulia ukurasa. Akaniomba nimwazime nakala ya 1988 akaisome nyumbani. Mpaka leo hajanirejeshea.