Netsuke: mnene mwenye gunia na wenzake sita

Hapa London nimeona sokoni kisanamu cha mtu mnene mwenye gunia, hakizidi kidole gumba. Muuzaji anakiita netsuke. Ni nini?

Huyo mnene ni Hotei, mmoja wa miungu saba ya bahati ya Wajapani. Kimono haina mifuko, hivyo mwanamume wa enzi ya Edo (1603–1868) alining'iniza kifuko cha tumbaku au kijisanduku cha dawa kwa kamba iliyopita nyuma ya mkanda. Netsuke ilifungwa juu ili kamba isichomoke. Suruali zenye mifuko zilipoingia, netsuke zikakosa kazi, na wageni wakazinunua kwa wingi.

Wengine sita nitawatambuaje?

Tazama walichobeba. Ebisu ana ufito na samaki, na ndiye pekee mwenye asili ya Japani. Wenzake wana mizizi India na China. Daikoku ana nyundo na magunia ya mchele, Bishamonten amevaa deraya, na Benzaiten, mwanamke pekee kati yao, anapiga chombo kama gambusi. Wanaosumbua ni wazee wawili, Jurojin na Fukurokuju. Ukiona paji refu kama boga, mara nyingi ni Fukurokuju.

Nitajuaje si plastiki?

Kigeuze. Lazima kuwe na njia ya kamba, kwa kawaida matundu mawili, na mara nyingi moja ni pana ili fundo lijifiche ndani. Kisha kifumbate: kisichome popote, maana kingerarua nguo. Kilichovaliwa kweli kimelainika palipogusana na nguo, lakini mikunjo imebaki na weusi. Ung'avu ukiwa sawasawa kila mahali, mimi hukirudisha mezani. Mstari mwembamba ubavuni ni alama ya kalibu, yaani kimemiminwa, hakikuchongwa. Kukichoma kwa sindano ya moto uone kama ni plastiki usijaribu, utaharibu kitu halisi. Sahihi nazo zimeghushiwa tangu zamani.

Changu ni cha pembe ya ndovu. Naweza kuja nacho Mombasa likizoni?

Usithubutu! Kenya, kumiliki pembe bila kibali ni kosa la jinai, na "ni ya babu" si kibali. Hata huko Uingereza, tangu 2022 huwezi kuiuza isipokuwa kwa masharti machache magumu. Kiache kabatini, mbali na taa kali isije ikapasuka. Ukinunua kingine, tafuta cha mti. Mabingwa wengi walichonga mti tu.