Matumbawe "haya" au matumbawe "hawa"?

Msomaji anayefundisha biolojia kwa Kiswahili ameuliza hivi: wanabiolojia wanasema kwamba matumbawe ni wanyama na kwamba uyoga si mmea, je, ni sahihi kuandika "matumbawe hawa wanakua", na uyoga nao uache kuitwa "huu"? Anataka pia kujua bakteria na virusi wapewe upatanisho gani.

Andika "matumbawe haya yanakua" na "uyoga huu umeota", kwa sababu upatanisho wa Kiswahili haufuati nasaba ya kiumbe. Nadhani mkanganyiko unachangiwa na neno ngeli, ambalo linatumika katika taaluma zote mbili. Katika sarufi, ngeli ni kundi la nomino zinazochukua viambishi vya aina moja. Katika biolojia, ngeli ni daraja mojawapo la uainishaji, lililo chini ya faila na juu ya oda, katika mfuatano unaoanzia kwenye himaya na kushuka kupitia faila, ngeli, oda, familia na jenasi hadi kufikia spishi. Ngeli ya mamalia na ngeli ya A-WA ni mambo mawili yasiyohusiana.

Sarufi yetu ina namna yake ya kuutambua uhai. Nomino kifaru ina umbo la KI-VI na nomino mnyoo ina umbo la M-MI, lakini tunasema "kifaru huyu amelala" na "minyoo hawa wamekufa", kwa kuwa mzungumzaji anamwona kiumbe anayejisogeza kwa nguvu zake mwenyewe. Mti nao unapumua, unakua na kuzaa, wala hakuna anayeukana uhai wake, ila unabaki "mti huu". A-WA, basi, haikuwa kamwe ngeli ya kila chenye uhai. Ni ngeli ya watu na wa wanyama kama wanavyojulikana kwa macho. Tumbawe, ambalo kwa macho ni jiwe la baharini, lina upatanisho ule ule wa jiwe, ingawa wanabiolojia wameliweka katika faila moja na konyeza.

Wanabiolojia huanzia mahali pengine, na uamuzi wao hubadilika kadiri ushahidi unavyoongezeka. Carolus Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, katika kitabu chake Systema Naturae cha mwaka 1735, aligawa viumbe hai katika himaya mbili tu, ya wanyama na ya mimea. Uyoga aliuweka pamoja na mimea, na nyangumi alimweka pamoja na samaki, hadi toleo la mwaka 1758 alipomhamishia kwa mamalia. Mwaka 1969 mwanabiolojia Robert Whittaker alipendekeza himaya tano, yaani monera (bakteria na viumbe wengine ambao seli zao hazina kiini), protista (viumbe wenye kiini, wengi wao wa seli moja), kuvu, mimea na wanyama, na hapo uyoga ukawa mwanachama wa himaya ya kuvu. Mwaka 1977 mwanabiolojia Carl Woese na mwenzake George Fox, kwa kulinganisha RNA ya ribosomu (molekuli iliyomo katika sehemu ya seli inayotengeneza protini), walionyesha kwamba viumbe wa seli moja wanaoitwa leo arkea wako mbali kinasaba na bakteria wa kawaida, na mwaka 1990 Woese na wenzake wakapendekeza domeni tatu zilizo juu ya himaya zote: bakteria, arkea, na viumbe wote ambao seli zao zina kiini. Uyoga hauna klorofili (rangi ya kijani ya mimea), kuta za seli zake zina kitini (dutu ngumu iliyomo pia katika magamba ya wadudu), na kinasaba uko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Kama upatanisho ungefuata uvumbuzi wa namna hii, tungelazimika kuirekebisha sarufi kila maabara inapopata jambo jipya, na lugha haiwezi kuendeshwa hivyo.

Kwa bakteria, naunga mkono "bakteria hawa wanazaliana", ambayo waandishi wengi wa sayansi wameizoea. Wapo wanaoandika "bakteria hizi". Linalosumbua zaidi ni kuchanganya miundo yote miwili katika ukurasa mmoja. Virusi viandikwe kwa KI-VI: kirusi hiki, virusi hivi vinaenea. Virusi havina seli, haviwezi kujizalisha nje ya seli ya kiumbe mwingine, na havimo katika domeni yoyote kati ya hizo tatu, lakini upatanisho wake umetokana na umbo la neno. Ndiyo maana tunasema pia "vimelea vya malaria", ilhali vimelea hivyo ni protista walio hai kabisa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi, na ambalo mwalimu anapaswa kulikemea, ni "spishi huyu" au "familia hawa". Jina la daraja lina upatanisho wake lenyewe, hata wanachama wake wakiwa wanyama. Andika "spishi hii imetoweka", "jenasi hii ina spishi nyingi", "familia ya paka imo katika oda ya wanyama wala nyama". Lakini kauli ikirejea kwa wanyama wenyewe, A-WA inarudi: "simba hawa wanawinda kwa makundi".

Mwalimu anayesitasita anaweza kutumia kiambishi hu-, ambacho hakihitaji kiambishi cha nafsi na kinafaa sana kuelezea tabia ya kudumu: "bakteria huzaliana kwa kugawanyika", "matumbawe hukua polepole", "uyoga hufyonza chakula kutoka katika vitu vinavyooza". Hata hivyo, akishaongeza kivumishi au kionyeshi, atalazimika kuchagua, na hapo aandike bila wasiwasi "bakteria wadogo hawa", "matumbawe makubwa haya" na "uyoga mweupe huu".