Kuvuta Land Rover ya jeshi hadi Masasi

SWALI: Nimenunua Land Rover 110 iliyokuwa ya jeshi. Iko Mtwara mjini, injini haiwaki. Nataka kuivuta kwa towba (chuma cha kuvutia gari) hadi Masasi, tairi zote nne zikiwa chini. Fundi mmoja anasema niweke transfa (giaboksi ya pili, inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) nyutro, mwingine anasema nitoe propela (shafti inayotoka transfa kwenda kwenye difu). Nimsikilize nani?
Msomaji, Masasi

JIBU: Kutoka mtaa hadi mtaa, transfa nyutro na loki ya difu ya kati (inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja) ikiwa imefunguliwa inatosha. Masasi ni mbali. Gari lililokaa sana huwezi kuliamini mafuta yake ya transfa, na liva ikirukia gia njiani utaharibu mengi. Toa propela zote mbili, maana gari hili huendesha tairi nne muda wote.

Kila propela ina nati nne kila upande, jumla 16. Tumia spana ya inchi 9/16. Ya milimita 14 haiingii, ya 15 inakula kona za nati. Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye flenji (bamba ambalo propela hufungwa) na propela ili irudi ilivyokuwa. Nati za kujifunga zenyewe usizirudishe, nunua mpya.

Hapa ndipo watu wanapoumia: hendibreki ya Land Rover hii haishiki tairi, inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukishatoa propela ya nyuma, hata ukiivuta mpaka mwisho, gari litabingirika. Weka magogo mbele na nyuma ya tairi kabla ya kugusa nati ya kwanza, na usiyaondoe mpaka towba imefungwa.

Towba ifungwe kwenye chasisi, si kwenye bampa lililochoka. Usukani uwe huru, usiufunge kamba. Gari la kuvuta liwe zito kuliko hilo, kwani breki za linalovutwa hazifanyi kazi.

Taa: Land Rover zilizobeba redio za jeshi ni za volti 24. Ukiunganisha taa zake na gari la volti 12 zitawaka kama kibatari, wa nyuma yako asizione. Funga ubao wa taa za volti 12 nyuma.

Pitia Mingoyo na Ndanda. Mteremko wa Newala uache. Usizidi kilomita 50 kwa saa. Baada ya kilomita 10 simama, shika habu (kitovu cha tairi) zote nne: inayochoma mkono ina beringi iliyobana au breki iliyoganda.