Gobore la .36 kwa Kulungu: Niongeze Baruti Kiasi Gani?

SWALI: Nimenunua gobore la kaliba .36 (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) hapa Ohio, na Januari nataka kuwindia kulungu. Jirani anasema babu zao waliangusha kulungu kwa kaliba hiyo hiyo, mradi uwe na shabaha na uzidishe baruti. Nizidishe kiasi gani? — Msomaji, Columbus

JIBU: Usizidishe hata chembe, ndugu yangu. Ohio haikubali gobore la chini ya .38 kwa kulungu, kwa hiyo lako limeshakataliwa. Hata lingeruhusiwa, ningekujibu vivyo hivyo.

Hao mababu nawasikia karakanani kila msimu. Hakuna anayesimulia kulungu aliyekimbia na risasi tumboni akafia kichakani. Na mababu wenyewe, bunduki ya .36 waliiita bunduki ya kindi. Kindi ana kama nusu kilo!

Baruti haiongezi uzito wa risasi. Goroli, yaani risasi ya duara, ya .36 ina gramu 4 na kidogo, ya .50 ina zaidi ya 11. Tena goroli hukata hewa vibaya, na ikiwa ndogo ndiyo mbaya zaidi: ikitoka mtutuni kwa mita 600 kwa sekunde, mita 90 mbele imebaki na kasi kama nusu tu. Ukizidisha baruti utapata teke, moshi na masizi. Ile kasi ya nyongeza hewa inaimeza njiani. Colorado wamelipigia hesabu jambo hili: kuanzia .40 hadi .50, risasi ya kulungu isipungue gramu 11. Goroli ya .45, yenye gramu 8 hivi, haipiti.

Kwa kulungu tafuta .50, umsogelee. Hiyo .36 ibaki ya kindi.

Linalonichosha zaidi ni kwamba "zidisha baruti" haliishii hapo. Mtu akiona baruti nyeusi, ile ya magobore, haimtoshi, anachukua baruti isiyo na moshi, ya bunduki za kisasa, anaipima kwa kibaba kile kile na kushindilia kwa mdeki. Ukiacha magobore machache yaliyoundwa mahsusi kwa baruti hiyo, hakuna mtutu wa gobore unaohimili shinikizo lake. Nimeletewa mmoja umepasuka kama ganda la ndizi. Mwenyewe mkono umefungwa bendeji, na swali lake lilikuwa kama unachomeleka.

Hauchomeleki.